Kalamu, Hesabu na Kusi: Njia ya Kijana wa Chundwa Kwenda Chuoni

Kijiji hiki cha kisiwa cha Pate, Lamu, kimeandikwa kwa namna tatu. Ramani moja ina Tundwa, nyingine ina Tchundwa, na wenyewe wakiulizwa husema Chundwa. Sababu iko ulimini. Kitikuu, lahaja ya Wabajuni wa kisiwa cha Pate na pwani inayopanda hadi Kiunga, hugeuza t nyingi za Kiswahili sanifu kuwa ch, na mtu huwa mchu. Karani aliyekuja na daftari aliandika alichosikia, na aliyemfuata akaandika alichodhani mwenzake amekosea.

Kwa wanaisimu huo ni utamu mtupu. Kwa kijana wa kidato cha nne ni mtego, maana kalamu iliyokibatiza kijiji mara tatu ndiyo hiyohiyo iliyoandika majina ya watu. Cheti cha kuzaliwa kina Athman, orodha ya watahiniwa ina Othman, kitambulisho cha baba kina Uthman. Barazani hilo si tatizo hata kidogo. Kila aliyeketi anajua huyu ni mtoto wa nani na nyumba yao iko wapi. Kompyuta ya Nairobi haikai barazani. Yenyewe inaona watu watatu, na mkopo wa mmoja haiwezi kumpa mwingine.

Siku za zawadi shuleni, mgeni wa heshima husimama akahimiza bidii. Bidii ni jambo jema na hakuna anayelibishia. Ni nadra kumsikia mgeni wa heshima akisimama kuzungumzia tahajia ya jina la babu. Hata hivyo hoja ya mhadhara huu iko huko, kwenye mambo madogo yasiyopigiwa makofi: kijana wa visiwani aliyefaulu mara nyingi huponyokwa na nafasi yake nje ya chumba cha mtihani, kati ya Januari matokeo yanapotoka na Septemba vyuo vinapofungua. Miezi hiyo minane ndiyo anayohitaji mtu. Si lazima awe tajiri wala profesa. Awe tu mtu anayejua fomu ipi inajazwa lini, na kwa nini.

Ukubwa wa jambo lenyewe uonekane kwanza. Mtihani wa KCSE wa 2024, ule wa kumaliza kidato cha nne, ambao matokeo yake yalitangazwa tarehe 9 Januari 2025, ulikuwa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, gredi inayomruhusu mtu kuomba shahada, walikuwa 246,391. Ni kama robo. Robo tatu zilizobaki hazikufungiwa mlango, ingawa nyumba nyingi hulia siku hiyo kana kwamba umefungwa: anayepata C- huweza kusomea diploma katika vyuo anuwai, wa D huweza kuchukua cheti, na aliye chini ya hapo ana kozi za ufundi zinazompokea. Wote hao, kuanzia anayeota udaktari hadi anayetaka kujifunza kuchomelea vyuma, hupitia mlango mmoja unaoitwa KUCCPS.

Mlango huo una historia fupi yenye funzo. Kabla yake palikuwa na Bodi ya Pamoja ya Udahili, ambamo vyuo vikuu vya umma vyenyewe vilikaa na kugawana wanafunzi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliiondoa bodi hiyo na kuleta taasisi ya serikali ya kuwapangia wanafunzi nafasi, ambayo sasa hupanga pia wa vyuo anuwai na wa chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC. Badiliko lililomgusa zaidi mwanafunzi wa mashambani, lakini, lilikuwa la wakati. Zamani chaguo la kozi lilijazwa shuleni, kabla ya mtihani, mwalimu akiwa amesimama pembeni. Kijana alichagua gizani, kwa kuwa hakujua atapata nini, ila alichagua akiwa na mtu mzima wa kumuuliza. Siku hizi maombi hufanywa mtandaoni baada ya matokeo. Kijana anazijua alama zake. Mwalimu ndiye asiyekuwepo. Shule imeshamaliza naye, sare ameshampa mdogo wake, na yeye yuko Chundwa, pengine yuko baharini na ami yake. Taarifa zimeongezeka, msaada umepungua. Waliobuni utaratibu huu walikuwa na nia njema, na kwa mtoto wa mjini mwenye intaneti sebuleni umemfaa sana. Mtoto wa kisiwani umemwacha na simu ya kuazima na makadirio ya rafiki zake.

Kinachofuata hujulikana na kila mwenye saiba, duka la intaneti. Kijana huja na nambari yake ya mtihani, analipa ada ya maombi, ambayo imekuwa shilingi 1,500, kisha anamwambia kijana mwenzake aliye kwenye kibodi: "Nichagulie nzuri." Na mwenye saiba, ambaye ana foleni ya watu nyuma, humchagulia. Ndivyo mtu anavyojikuta amepangiwa kozi asiyoijua, kwenye mji asiowahi kuusikia, kwa miaka minne.

Kuchagua ni hesabu kabla ya kuwa ndoto, na hesabu yenyewe inafundishika kwa alasiri moja. Gredi ya wastani hutokana na masomo saba, kila moja likiwa na pointi kumi na mbili kwa A hadi moja kwa E. Jumla ya juu kabisa ni 84, na C+ huanzia 46. Tangu KCSE ya 2023, saba hayo ni Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Baada ya hapo inakuja klasta: kila kozi ina masomo manne inayoyaangalia, yenye pointi 48 kwa jumla. Ukadiriaji unaotumika sana mashuleni ni huu: pointi za masomo manne zigawanywe kwa 48, jumla ya masomo saba igawanywe kwa 84, majibu hayo yazidishwe, itafutwe kipeuo cha pili chake, kisha kizidishwe kwa 48. Hesabu rasmi ina vikorombwezo vyake, lakini hii inamweka mtu karibu na ukweli.

Wanafunzi wawili wenye pointi 56, yaani B- wote wawili, wanaweza kuwa mbali kama Faza na Shela. Mmoja ana pointi 40 katika masomo manne ya kozi anayoitaka. Klasta yake hukaribia 35.8. Mwingine ana 30 katika hayo manne, na nguvu zake ziko kwenye masomo ambayo kozi hiyo haiyatazami. Yake ni kama 31. Gredi ni moja, kozi si moja. Wa pili akilazimisha kozi ya wa kwanza atakosa, kisha atadhani amedhulumiwa kwa sababu ametoka visiwani. Angechagua kozi inayotazama masomo aliyoyaweza, huenda angeingia bila jasho. Tovuti ya KUCCPS huonyesha pointi za mwisho zilizokubaliwa kwa kila kozi katika kila chuo miaka iliyopita, na baada ya awamu ya kwanza hufunguliwa dirisha la kubadilisha kwa waliokosa chaguo zao. Wengi hawarudi kwenye dirisha hilo kwa sababu hawajui kwamba lipo.

Hapa pana jambo moja la kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Mtoto wa Chundwa amezaliwa ndani ya Kiswahili. Kwa utaratibu mpya wa lugha moja, Kiswahili kingepaswa kuwa pointi zake za bure. Lakini mtihani hautaki Kiswahili cha mama yake. Unataka sanifu, na mtoto aliyeamini kwamba lugha hii haihitaji kusomwa kwa vile ni yake, huachwa nyuma na mwenzake wa Kakamega aliyeisoma kama mgeni. Mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi, neno kwa neno, mahali Kitikuu na sanifu zinapoachana amemsaidia kwenda chuoni zaidi kuliko mwenye hotuba kumi.

Pwani hii ina ushahidi wa kale kwamba alama si hukumu. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika mtihani wa Cambridge alipata daraja la tatu. Makerere, chuo pekee chenye hadhi ya chuo kikuu Afrika Mashariki enzi zile, hakikumtaka. Akabaki Mombasa akifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu, MIOME. Siku moja ya Maulidi alihutubia mbele ya Gavana Philip Mitchell, gavana akapendezwa, na kutokana na hapo ukapatikana ufadhili wa kwenda Uingereza. Alimalizia masomo ya sekondari Huddersfield, akapata shahada ya Manchester mwaka 1960, ya Columbia 1961 na udaktari wa Oxford 1966. Kabla hata ya huo udaktari, Makerere ile iliyomkataa ilikuwa imeshamfanya profesa.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya kipaji. Kikitazamwa upande wa pili ni hadithi ya bahati. Kama gavana angeumwa na kichwa asihudhurie Maulidi, kijana yule angeweza kuzeekea MIOME. Wangapi walikuwa na daraja la tatu hilohilo na hawakupata Maulidi yao? Mji haupaswi kungojea gavana. Na kwa kuwa mambo ya pwani hayaachani, MIOME ile ilikuja kuwa chuo cha ufundi, kisha politekniki, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho leo kina tawi Lamu. KMTC nayo ina kampasi Lamu. Anayetaka diploma ya uuguzi, ambayo huanzia C, hana lazima ya kuanzia safari yake Nairobi. Pwani, chuo kikuu cha Kilifi, kina kozi za bahari na uvuvi ambazo mtoto wa Pate anaingia nazo akiwa na mtaji wa maarifa asioupata mwenzake wa bara. Tangu gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilipozinduliwa Mei 2021, maneno kuhusu kazi za bandari yamekuwa mengi kuliko vijana wenye vyeti vya kuziomba. Chuo cha Bandari Mombasa hufundisha ubaharia na kazi za bandarini, na jina lake lilistahili kusikika zaidi katika madarasa ya visiwani.

Sasa karatasi, ambazo ndizo moyo wa jambo.

Kutoka Chundwa hadi Lamu mjini mtu hupanda bodaboda hadi gatini, kisha boti, na boti hupita mlango wa Mkanda, ambao maji yakipwa huwa tope na mikoko. Nahodha hatazami saa, hutazama maji. Mwanafunzi aliyeambiwa na ofisi "rudi kesho asubuhi" ameambiwa atafute nauli mara mbili na pa kulala. Kwa hiyo karatasi moja iliyokosekana Nairobi ni usumbufu wa saa moja, visiwani ni wiki. Dawa yake ni kuanza mapema: kidato cha tatu, si Januari baada ya matokeo. Majina ya watahiniwa hurekebishika kabla usajili wa mtihani haujafungwa; baada ya cheti kuchapwa, kurekebisha herufi moja ni safari, viapo na gharama. Mzazi aketi na mtoto usiku mmoja, waweke mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha baba, cha mama, na karatasi ya usajili wa mtihani, wasome majina kwa sauti. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho kitafutwe, maana fomu za ufadhili zitakiuliza.

Kitambulisho kilikuwa na mzigo wake wa ziada. Kwa miaka mingi wakazi wa Lamu Mashariki, kwa kuwa ni jirani wa mpaka wa Somalia, walipita mbele ya kamati za uhakiki ambazo mtu wa Murang'a hajawahi kuziona. Kijana alithibitisha Ukenya wake mbele ya wazee kabla ya kuthibitisha akili yake mbele ya chuo. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa uhakiki huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Tangazo ni hatua; kipimo chake ni muda ambao kijana wa Chundwa anangojea kitambulisho ukilinganishwa na wa kwingineko, na hilo wazee wa mtaa wanaweza kulihesabu wenyewe.

Septemba 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba za Faza, zilizoezekwa makuti na kubanana. Nyumba ikiungua, vyeti navyo huungua. Nakala zenye muhuri ziwekwe nyumba nyingine, kwa shangazi, na picha zake zikae kwenye simu na baruapepe. Neno la nyongeza kwa walimu wakuu: Wizara ya Elimu imeshaamuru zaidi ya mara moja kwamba cheti cha mtahiniwa kisizuiwe kwa deni la karo. Mzazi anayejua hivyo huomba kwa adabu, lakini haombi kama aombaye hisani.

Halafu pesa, na hapa kalenda ya vyuo inagongana na kalenda ya upepo. Vyuo hupokea wanafunzi wapya Agosti na Septemba. Kwa mvuvi hizo ni siku za kusi au mkia wake: bahari imechafuka, mashua nyingi ziko pwani, na nyumba inakula akiba. Miezi ya kaskazi, tangu Novemba hadi Machi, ndiyo yenye samaki na fedha, nayo ndiyo miezi ambayo hakuna anayewaza chuo, kwa sababu barua ya mwito haijaja. Ikija, kaskazi imekwisha. Mzazi aliyewahi kuuza mbuzi kwa bei ya hasara mwezi wa nane anaijua habari hii bila kufundishwa. Nauli ya kwanza, godoro na chakula cha mwezi mmoja vinapaswa kuwekwa kando samaki wakiwapo, hata kama kozi haijulikani, maana kozi yoyote itakuwa na nauli na godoro.

Mei 2023 serikali ilitangaza utaratibu mpya wa kugharamia vyuo. Badala ya kila mwanafunzi kupewa kiwango kimoja, familia hupimwa uwezo na kuwekwa katika madaraja, ambayo mwaka 2024 yalikuwa matano. Katika la kwanza, la wasiojiweza kabisa, ruzuku ililipa asilimia 70 ya gharama ya masomo, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 25, na familia asilimia 5. Katika la tano ruzuku ilikuwa asilimia 30, mkopo 30, na familia ilibeba 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo unakiuka katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Mawakili waendelee. Mwanafunzi hawezi kungoja waafikiane. Wajibu wake ni kujaza fomu ya mwaka wake.

Fomu hiyo huuliza kipato cha nyumba. Mshahara wa karani ni namba moja kila mwezi. Mvuvi afanye nini? Akiandika alichopata Januari, kompyuta itamwona tajiri. Akiandika cha Julai atakuwa amesema nusu ya kweli. Jibu la haki ni wastani: mapato ya kaskazi na ya kusi yajumlishwe, yagawanywe kwa miezi kumi na miwili, na yaondolewe mafuta ya injini, nyavu na fungu la mwenye chombo. Kujaza kwa pupa na kuwekwa daraja lisilo lako kunaweza kugharimu maelfu ya shilingi kila muhula. Mwaka 2024 wanafunzi walioona wamewekwa pasipo haki waliruhusiwa kukata rufaa, na aliyekuwa na karatasi zake mkononi ndiye aliyeweza kusema jambo.

Pana pia swali la riba, ambalo washauri wa Nairobi hulipita kama halipo. Kisiwani Pate halipitiki. Wapo wazazi wanaoamua mtoto asiombe chochote kuliko kula riba, na uamuzi wa imani unastahili heshima. Kinachosikitisha ni pale ruzuku inapoachwa pamoja na mkopo kwa kudhaniwa kuwa ni kitu kimoja. Ruzuku hairejeshwi na haina riba. Mkopo ndio wenye riba. Ni vyema mashekhe wenyewe waeleze tofauti hiyo msikitini, kwa sababu ikitoka kinywani mwa afisa wa serikali husikika kama hila. Zaidi ya hapo kumekuwa na basari za kaunti na za hazina ya eneo bunge la Lamu Mashariki. Si kubwa, na fomu zake huhitaji barua ya chuo na sahihi za watu ambao siku ya mwisho hawapatikani.

Wengine hutazama ng'ambo, na pwani imekuwa ikitazama huko kabla ya bara kujua kuna ng'ambo. Njia ya Madina, Cairo na Khartoum inajulikana na familia nyingi za Lamu. Vita vilivyolipuka Sudan Aprili 2023 viliwafunza wazazi kuuliza usalama pamoja na karo. Njia ya Marekani ina historia yake nchini. Septemba 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, na kufikia 1963 walioruka kwa mpango ule walikuwa mamia. Barack Obama mkubwa, baba wa aliyekuja kuwa rais wa Marekani, hakuwamo ndegeni. Alikuwa amesomea mitihani yake kwa posta baada ya kuondoka Maseno, na walimu wawili wa Kimarekani waliokuwa Nairobi, Elizabeth Mooney na Helen Roberts, wakamsaidia kuandika barua kwa vyuo vingi. Hawaii kikakubali. Barua nyingi, jibu moja. Hiyo ndiyo kawaida ya maombi, na kijana anayekata tamaa baada ya barua mbili hajaambiwa hivyo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Bonde la Ufa. Mwaka 2004 mwandishi wa Marekani John Manners, pamoja na Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, walianzisha mpango unaoitwa KenSAP. Uliwachukua wanafunzi waliopata alama za juu kabisa za KCSE, wengi kutoka nyumba maskini, wakapelekwa Iten kujifunza jambo ambalo hakuna shule ya Kenya iliyowafundisha: mtihani wa SAT wa kuombea vyuo vya Marekani, namna ya kuandika insha ya kujieleza mwenyewe, namna ya kuomba msaada wa fedha kwa vyuo ambavyo hulipia kila kitu kwa asiyejiweza. Wamepita hapo na kuingia Harvard, Yale na vinginevyo. Vijana wale walikuwa na akili hiyo kabla ya Manners kufika. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba Harvard, kwa aliye fukara, inaweza kuwa rahisi kulipia kuliko chuo cha Nairobi. Zawadi Africa, iliyoanzishwa na Susan Mboya, binti yake Tom Mboya, hufanya kazi ya namna hiyo kwa wasichana. Tahadhari iwepo: anayedai fedha nyingi mapema akiahidi nafasi na viza ni wakala wa mfuko wake mwenyewe.

Iten ilikuwa na wakimbiaji wake, na urafiki uliotokana nao. Pate haina wakimbiaji, ina wahitimu. Wako Mombasa, Nairobi, Jeddah na Muscat, na wengi hurudi Chundwa siku za Idi na za arusi, wakaulizwa habari za mji na kupewa halua. Muda huohuo pembeni yao ameketi kijana mwenye C+ asiyejua klasta ni nini, na hakuna anayewaunganisha.

Wakati nao haungoji. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya kumi, wakiwa wameshachagua njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Chaguo ambalo kaka zao walilifanya wakiwa na miaka kumi na minane, wao wamelifanya wakiwa na kumi na minne au kumi na mitano. Aliyeacha sayansi kwa sababu shule ya jirani haina maabara, au kwa sababu rafiki yake ameiacha, ameshaamua jambo kuhusu uuguzi na uhandisi bila kujua kwamba anaamua. Kazi ya kumshauri mwanafunzi imeteremka kutoka kidato cha nne hadi gredi ya tisa, na wengi wanaoweza kuifanya bado wanadhani ni mambo ya Januari.

Watahiniwa wa mwisho wa KCSE ni wa Novemba 2027. Wahitimu wa Chundwa, popote walipo, wanaombwa jambo moja lisilohitaji mfadhili wala kamati. Wiki ya matokeo, wawili au watatu kati yao wapande boti na kompyuta zao, waombe chumba cha madrasa kwa siku tatu, na kila kijana aje na mzazi wake, karatasi zake na matokeo yake. Wasimchagulie. Wakae naye wapige hesabu. Na huko mlangoni awekwe mtu mwenye macho makali wa kusoma majina, herufi kwa herufi, kabla mtoto hajaketi.